Kulima sarafu kwa diski: pesa zimekauka, diski chakavu zinarudi sokoni

Wafanyabiashara wa vifaa vya kompyuta wanaofuata mzigo Dubai na Guangzhou hufurahi wakionyeshwa diski kubwa, za terabaiti 8 hadi 16, kwa bei ya kutupa. Lakini kabla ya kutoa pesa ni vyema kujua diski za aina hiyo zinaweza kuwa zilikuwa wapi kabla ya kubandikwa lebo mpya.

Mambo yalianza Machi 2021. Kampuni ya Chia Network ya Marekani, iliyoanzishwa na Bram Cohen, mtu aliyebuni BitTorrent, ilizindua sarafu ya mtandaoni iitwayo Chia. Bitcoin huchimbwa kwa mashine zinazokula umeme kama kiwanda. Chia hutumia nafasi iliyo wazi kwenye diski, na wenyewe hawasemi kuchimba, wanasema kulima. Programu huijaza diski mafaili makubwa ya namba, kila moja la gigabaiti 108 hivi, yanayoitwa viwanja. Baada ya hapo kazi ya kompyuta ni kusubiri tu. Mtandao hutoa swali kila baada ya sekunde chache, na mwenye viwanja vingi ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa na jibu. Ni bahati nasibu ambayo tiketi zake hazitupwi.

Hapo ndipo kompyuta ndogo zilipopata soko. Kusubiri hakuhitaji nguvu, kwa hiyo Raspberry Pi 4, kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki kilichoanza kuuzwa mwaka 2019 kwa dola 35, kinatosha. Hula takriban wati 5, na diski moja kubwa wati 8 hivi. Ikiwashwa usiku na mchana, mitambo hiyo miwili haifikishi uniti 10 kwa mwezi. Kwa mwenye duka wa Tanzania anayepata uniti 2.8 kwa kila shilingi 1,000 ya luku, hiyo ni kama shilingi 3,400. Si ajabu wengi waliona ni pesa ya bure.

Haikuwa ya bure. Kwanza, kukata viwanja kulihitaji diski ya kasi ya SSD, na kiwanja kimoja kiliandika zaidi ya terabaiti moja ya data za muda juu yake. SSD za bei rahisi zilikufa baada ya wiki chache. Pili, na hili ndilo kubwa, kila aliyenunua diski alipunguza thamani ya tiketi za wenzake. Mwishoni mwa Aprili 2021 mtandao mzima wa Chia ulikuwa na eksabaiti 1 hivi. Kufikia Agosti ulikuwa umepita 30. Nayo bei ya sarafu, iliyovuka dola 1,500 Mei 2021, katikati ya mwaka 2025 ilikuwa chini ya dola 20. Machi 2024 zawadi ya dunia nzima ilikatwa nusu, kutoka sarafu 9,216 kwa siku hadi 4,608.

Tupige hesabu ya dukani. Chukua diski moja ya terabaiti 8, mtandao wa eksabaiti 20 na bei ya dola 10. Mapato ni kama senti 50 za dola kwa mwezi, yaani shilingi 1,200 na ushee. Umeme peke yake ni shilingi 3,400. Kompyuta inakula kidogo kweli, lakini shamba linazalisha kidogo kuliko hicho, na bado hatujalipia diski.

Sasa wakulima wakubwa wakifunga mashamba, diski zao zinakwenda wapi? Jibu moja lilipatikana Ujerumani. Januari 2025 jarida la Heise liliripoti kuwa wateja waliouziwa diski za Seagate Exos kama mpya waligundua zilikwishafanya kazi makumi ya maelfu ya saa. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Hesabu ya saa iliyozoeleka kwenye diski ilikuwa imerudishwa sifuri, kama gari lililorudishwa kilomita. Inadhaniwa nyingi zilitoka kwenye mashamba ya Chia nchini China. Mei mwaka huohuo ghala moja nje ya Kuala Lumpur, Malaysia, lilivamiwa na kukutwa mamia ya diski za mtumba zikibadilishwa lebo.

Ulaya kuna magazeti na maabara za kupima. Mteja wa Kariakoo au Kampala hana hivyo, ana risiti yako tu. Kwa diski za Seagate kuna kumbukumbu ya pili ndani ya diski, iitwayo FARM, ambayo ndiyo iliyowaumbua matapeli wale. Programu ya bure ya smartmontools, kuanzia toleo la 7.4, huisoma. Muuzaji anayekataa usichomeke diski tano tu kati ya mia kwenye kompyuta yako amekwishajibu swali. Dai pia orodha ya namba za mfululizo kwenye ankara, uzitazame kwenye tovuti ya mtengenezaji. Diski "mpya" ambayo dhamana yake ilikwisha miaka miwili iliyopita si mpya. Diski za mtumba zenyewe si haramu, zina wateja wake, ilimradi ziuzwe kwa jina lake na bei yake.

Wasafirishaji nao wasidhani hayawahusu. Diski yenye saa 40,000 inaweza kuonekana nzima Dar es Salaam na kufika Lubumbashi ikiwa kimya, na lawama ya kwanza humwangukia dereva na mashimo ya barabara. Kabla ya kupakia, hati ya mzigo iandikwe wazi kama ni mpya au mtumba, maboksi yapigwe picha, na diski zifungwe moja moja kwenye sponji, zisipangwe juu ya betri wala chini ya marobota.