Usiku wa Beni si shule ya Mungu

Safu ya kila wiki, na Kasereka Mbusa, Butembo

Kanuni za ibada za Kanisa Katoliki hazina mchezo kuhusu Mkesha wa Pasaka: usianze kabla giza halijaingia, na uishe kabla Jumapili haijapambazuka. Moto huwashwa nje, taa za kanisa zimezimwa. Mshumaa mmoja mkubwa, wenye punje tano za ubani, huingizwa ndani, na watu wakapokezana mwali mpaka kanisa zima likawaka. Aliyewahi kusimama katika umati ule, mkononi ana kimshumaa ambacho hakijawashwa, hahitaji sana kuelezwa ufufuko ni nini.

Sasa apelekewe kanuni hiyo mkulima wa kakao wa Mbau au Eringeti, ambaye kwa zaidi ya miaka 10 amejifunza kwamba jioni haipaswi kumkuta njiani. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzagaa Beni na viunga vyake, usiku umekuwa na wenyewe. Mkesha ukifanywa saa kumi alasiri, jua lingali kwenye mabati, mwali wa mshumaa hauonekani vizuri hata na aliyeushika. Ukifanywa usiku, watu wanaikumbuka Komanda.

Komanda iko Ituri, lakini kwa mtu wa Beni ni jirani wa barabara moja. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Julai 27, 2025, waamini walikuwa wakikesha katika parokia ya Mwenyeheri Anuarite wakati waasi wa ADF walipowavamia. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa 43, tisa kati yao watoto. Wiki sita baadaye zamu ikawa ya Ntoyo, wilaya ya Lubero: watu zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao wakiwa matangani, wamekuja kumlilia mtu mwingine. Kukesha kwa sala na kukesha na wafiwa ni mambo ambayo Mkristo wa huku hajui kuyaacha, na hayo ndiyo yaliyofuatwa.

Ndiyo maana mwandishi wa safu hii hukosa raha kila akisikia mahubiri ambayo siku hizi hayakauki redioni wala kwenye mikutano ya injili: giza ni shule, Mungu anatufinyanga, dhahabu haing'ai bila moto. Mahubiri hayo yana babu wa heshima. Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania, alifungwa mjini Toledo na Wakarmeli wenzake mwezi Desemba 1577. Alikaa miezi tisa katika kijumba chenye mwanga wa kudokoa, na humo akatunga baadhi ya mashairi yake. Baadaye aliandika juu ya usiku wa roho, na wahubiri wamekuwa wakiukopa usiku huo tangu hapo, mara nyingi bila kuangalia waliokopa nini.

Usiku anaouzungumzia Yohane ni ule ambao Mungu mwenyewe humtia mtu anayemtafuta. Humwondolea utamu wa sala, humvua fahari ya kujiona mcha Mungu, mpaka abaki na imani tupu. Hiyo ni kazi ya Mungu na roho inayompenda. Kufuli la Toledo lilikuwa jambo jingine. Agosti 1578, alipopata upenyo, hakubaki ndani aendelee kufinyangwa: alirarua matandiko, akayaunga yakawa kamba, akateremka ukutani.

Usiku wa Beni nao una watu wanaouleta. Kuna kundi lililozaliwa Uganda miaka ya 1990, lenye viongozi wake, lenye njia zake za kupata fedha na chakula, na ambalo sasa hutembea na bendera ya Dola la Kiislamu. Kuna serikali iliyotangaza utawala wa kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021, na kuna jeshi la Uganda lililovuka mpaka Novemba mwaka huo huo kuja kusaidia. Makaburi hayajaacha kuchimbwa. Kumbebesha Mungu yote hayo ni kumsingizia. Tena ni kuwapunguzia mzigo wale wanaopaswa kujibu.

Haina maana kwamba bibi anayesema matangani kuwa ni mapenzi ya Mungu anastahili kusahihishwa. Yeye ameishiwa maneno, na amekuja kukaa chini na mfiwa, jambo ambalo linatosha. Anayepaswa kuulizwa ni mhubiri mwenye kipaza sauti, ambaye alikuwa na wiki nzima ya kujiandaa.

Biblia yenyewe haina haraka hiyo. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka karibu na mwisho zikaingia kwenye sifa. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila shukrani. Wazee waliopanga sala za Kanisa hawakuificha: kila Ijumaa ya kawaida, katika sala ya mwisho kabla ya kulala, ndiyo inayosaliwa na mapadri na watawa duniani kote, wakiwemo wa jimbo la Butembo-Beni. Na Injili ya Marko inasimulia giza lililoifunika nchi kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na aliyetundikwa msalabani akamuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Hakuna jibu lililosikika kutoka juu. Mkristo anayeuliza swali hilo Oicha yuko ndani ya imani yake, hajatoka.

Atasema mtu: watu wanataka matumaini, hawataki kilio juu ya kilio. Ni kweli, na watu wa huku hawakungoja kuruhusiwa. Juni 27, 2021, bomu lililipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili mjini Beni, asubuhi ya siku ambayo watoto walitazamiwa kupewa kipaimara. Wanawake wawili walijeruhiwa. Januari 15, 2023, bomu jingine liliua watu katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mpakani, wakati wa ibada ya ubatizo. Makanisa ya Beni na Kasindi yameendelea kupiga kengele na kwaya zimeendelea kufanya mazoezi. Matumaini ya namna hiyo hayahitaji kwanza kuambiwa kuwa bomu lilikuwa na faida.

Basi maana ya kiroho iko wapi? Kwa mtazamo wa safu hii, iko katika kile ambacho waamini hufanya gizani, hasa katika kukataa kwao kunyamaza na kusahau. Jimbo hili lina walimu wa jambo hilo. Emmanuel Kataliko aliliongoza kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kuhamishiwa Bukavu kama askofu mkuu mwaka 1997. Krismasi ya 1999, Bukavu ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD, aliwaandikia waamini barua iliyotaja bila kumung'unya uporaji na ubabe wa wageni pamoja na washirika wao Wakongo. Februari 2000 waasi walimzuia kurudi jimboni kwake, akabaki Butembo. Adhabu ya kumfukuzia mtu kwa watu wake! Aliruhusiwa kurudi Septemba, na Oktoba 4 mwaka huo alifariki Italia.

Vincent Machozi, padri Mwasumpsionisti, alifanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Kwenye tovuti ya Beni-Lubero Online alikusanya habari na picha za waliouawa, ambazo wengi waliona hazifai kuangaliwa. Watu wenye silaha walimuua Vitungwe-Isale, karibu na Butembo, usiku wa Machi 20, 2016. Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Na Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki, daktari, aliuawa Maboya Oktoba 2022 hospitali aliyokuwa akitibu iliposhambuliwa. Yeye hakuacha barua wala tovuti. Alikuwa zamu.

Februari 1, 2023, Papa Fransisko alipokutana Kinshasa na watu walionusurika mauaji ya mashariki, mmoja wao, kijana, alilaza panga chini ya msalaba: panga lenyewe, chuma na mpini, kama lile lililomuua baba yake. Hakuna aliyemwambia alifunike kwanza kwa maua. Ibada ilitosha kulibeba.

Parokia zetu zingeweza kufanya zaidi ya hapo bila kungoja papa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, la ndoa na la wafu. La ubatizo hutunzwa sana kwa sababu watu hulihitaji wakitaka kuoa. La wafu lifufuliwe. Wakuu wa mashirika ya mitaani, zile jumuiya ndogo za Kikristo, waorodheshe waliouawa kijiji kwa kijiji: jina, mahali, tarehe, hata pale ambapo hapakuwa na padri wa kuzika. Pembeni iwepo orodha ya wasio Wakatoliki, akiwemo Sheikh Ali Amini, aliyepigwa risasi msikitini Beni Mei 1, 2021, baada ya kuwapinga wauaji hadharani. Novemba 2 majina yasomwe yote, hata kama itachukua alasiri nzima, na Zaburi ya 88 iimbwe mpaka mwisho wake.

Kazi hiyo itakwama mahali pamoja. Oktoba 19, 2012, mapadri watatu Waasumpsionisti, Jean-Pierre Ndulani, Anselme Wasukundi na Edmond Kisughu, walitekwa katika parokia yao ya Mbau na hawajarudi. Anayetaka kuwatolea misa lazima aamue kama anawaombea walio hai au marehemu, na daftari la wafu linadai tarehe ya kifo. Wasiandikwe humo. Wafunguliwe ukurasa wao, nafasi ya tarehe ibaki wazi, na kila Oktoba 19 nakala ya ukurasa huo ipelekwe kwa mkuu wa jeshi anayeongoza operesheni Beni, atie sahihi kwamba ameipokea.