Njahi Mnayoitukana Mtandaoni Imesomwa DNA Yote, na Hii Stori Inakuhusu

Hakuna chakula kimetukanwa kwa mitandao ya Kenya kama njahi. Msee akipost sahani yake tu, vichekesho vinaanza. Sasa tulia kiasi, juu kuna watu wameichukulia siriasi kukuliko.

Aprili 2023, timu iliyoongozwa na Waafrika, wengine wakiwa taasisi ya ILRI hapa Nairobi, ilichapisha jenomu ya njahi kwa jarida la Nature Communications. Jenomu ni DNA yote ya mmea, yaani maagizo ya jinsi ya kukua, kuvumilia jua na kupigana na magonjwa. Ya njahi iko na kromosomu 11 na jeni kama 30,000.

Unauliza, mbona ikachelewa? Ni ganji. Mchele ulisomwa 2002, mahindi 2009, juu kuna biashara kubwa nyuma yake. Mimea yetu ya asili ikaachwa mataani hadi wanasayansi wakaiita mayatima. Ndiyo maana kuna African Orphan Crops Consortium, mradi wenye makao pale Gigiri, wenye orodha ya mimea 101 ya Afrika ya kusomwa. Mbuyu uko ndani. Saga pia.

Na si sifa tu. Jenomu ilithibitisha kwamba binadamu walianza kulima njahi mara mbili tofauti. Kuna ukoo wa mbegu mbili kwa kila ganda, unaopatikana Ethiopia, na ule wa mbegu nne uliosambaa kwingine. Sasa fikiria unahifadhi mbegu bila kujua hiyo. Unaweza jaza ghala na ukoo mmoja, ule mwingine upotee na hakuna mtu ameshtuka. DNA inaonyesha ni mbegu gani ziko kivyake na zinafaa kulindwa kwanza. Kwa nchi ambayo mvua inatuhepa kila saa, mmea unaovumilia ukame si wa kuchezewa.

Lakini tuambiane ukweli: huwezi panda faili ya kompyuta. Mbegu yenyewe lazima iwe hai, kwa benki ya mbegu pale Muguga na kwa shamba la shosho yako. Hapo kwa shamba ndipo sheria ilikuwa inauma. Mkulima akiuza ama kubadilishana mbegu zake za kienyeji, ambazo hazijasajiliwa, alikuwa anahatarisha miaka 2 jela ama faini ya hadi milioni 1. Wakulima wadogo wakaenda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vipengele hivyo vinakiuka Katiba.

Huo uamuzi una uzito sawa na kazi ya maabara. Mashosho wamekuwa wakichagua, wakikausha na kugawiana hizo mbegu kabla mtu yeyote ajue DNA ni nini. Ukiwafunga, wanasayansi watabaki na ramani ya mmea ambao hauko tena.

Wewe nawe uko na kura kwa hii stori. Mkulima anapanda kinachonunuliwa. Watu wakiacha kuitisha njahi kwa kibanda, mama hataitafuta soko, na msimu ujao shamba litapandwa kitu kingine. Endelea na vichekesho, hakuna noma. Lakini ukimaliza, itisha njahi na chapo mbili.