Afya ya Nyumba Zetu: Nguvu za Kiume Zinapopungua



Mwezi huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu, nalo ni kupungua kwa nguvu za kiume, yaani mwanamume kushindwa kusimamisha dhakari, au kushindwa kuidumisha katika hali hiyo mpaka tendo la ndoa litimie. Twajua kuwa jarida hili husomwa na nyumba nzima, na haya ni katika mapambo ya Muislamu. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na mafakihi wetu hawakuona taabu kulizungumza suala hili. Katika vitabu vya fiqhi, mume aliyeshindwa na tendo hilo, mkewe akamshitakia kadhi, hupewa muhula wa mwaka mzima ili misimu yote minne impitie, huenda akapona. Walimtazama kuwa ni mgonjwa wa kusubiriwa, si mkosa wa kufedheheshwa. Nasi tutaifuata njia hiyo.

Kwanza tufahamu jinsi mwili unavyofanya kazi. Mtu apatapo hamu, ubongo hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu, na hapo mwili hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi ambayo huilegeza na kuitanua mishipa ya damu ya dhakari. Damu ikaingia kwa wingi na kufungiwa humo. Wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kuigundua kazi ya gesi hiyo katika moyo na mishipa ya damu. Kwa hiyo kusimama ni kazi ya damu, fahamu, homoni na nafsi kwa pamoja. Kikiharibika kimojawapo, kazi yote huyumba.

Katika sababu za mwilini, iliyo kubwa kwa watu wetu ni kisukari. Sukari iliyozidi kwa miaka huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwachunguza wanaume 312 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao walikuwa na upungufu huu kwa kiasi fulani. Hapa Qatar nako kisukari kimeenea: mkakati wa taifa uliotangazwa kwa miaka ya 2016 hadi 2022 ulikadiria kiasi cha asilimia 17 ya watu wazima. Na sisi tuitazame siku yetu: chai ya karaki yenye sukari tele asubuhi na jioni, wali na nyama usiku wa manane baada ya zamu, garini mpaka kazini, na kutoka kazini mpaka kitandani. Ongeza juu yake shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu, unene, sigara na shisha, utaona mishipa imebebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kila msomaji alishike. Mishipa ya damu ya dhakari ni myembamba kuliko ile ya moyo. Inapoanza kuziba, huo mwembamba ndio hutangulia kudhihirisha, mara nyingi miaka miwili hadi mitano kabla ya moyo kuuma. Basi mwanamume wa miaka arubaini na kitu anayeona nguvu zinampungua pole pole, huenda amepelekewa onyo la moyo au la kisukari asichojua kuwa anacho. Mwenye kulificha onyo hilo haifichi aibu peke yake, bali anayaficha maradhi yanayoweza kumuua.

Zipo na sababu nyingine. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za huzuni hupunguza nguvu. Mwenye kuzitumia asiziache kwa rai yake, bali amwambie daktari ambadilishie. Homoni ya kiume ikipungua, hamu nayo hupungua. Ama nafsi, hiyo ina mlango wake mpana ugenini: deni, zamu za usiku, ndugu saba wanaosubiri fedha, na mke aliyeachwa Mombasa au Unguja kwa miaka miwili. Kisha bwana hupata likizo ya siku thelathini, akarudi akiwa na khofu ya kuonekana si mwanamume, na khofu hiyo ikamzuia. Dalili moja husaidia kupambanua: ambaye bado husimama alfajiri akiwa usingizini, na tatizo lake lilianza ghafla, mara nyingi sababu yake iko katika fikra; ambaye hata alfajiri hakuna kitu, na hali ilimjia kidogo kidogo, aanze kwa kupima damu.

Tumekuwa tukiona wenzetu wakikimbilia dawa za sandukuni: vumbi la Kongo linaloletwa na msafiri, vidonge visivyo na karatasi, na asali ya vipakiti inayosemekana kuwa ni ya miti tupu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza asali za namna hiyo, kwani zilipopimwa zilikutwa zimetiwa dawa za hospitali bila ya kuandikwa. Hatari yake ni hii: dawa hizo zikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile ambazo mgonjwa huweka chini ya ulimi, shinikizo la damu huporomoka na mtu anaweza kufa. Mwenye kulamba asali hajui kuwa amemeza kidonge, wala daktari wa dharura hawezi kujua.

Tiba ya kweli ipo, wala si ya siri. Kidonge cha sildenafil kiliidhinishwa Marekani mwezi Machi 1998, baada ya kuwa kimefanyiwa majaribio kwanza kama dawa ya moyo. Humezwa kiasi cha saa moja kabla, na chakula chenye mafuta mengi hukichelewesha. Nduguye, tadalafil, nguvu yake huweza kufika saa 36. Vyote viwili havileti hamu, huisaidia iliyopo. Ikitokea dhakari ikasimama zaidi ya saa nne, mtu akimbilie hospitali. Asiyefaidika na vidonge ana pampu, sindano, na mwisho upasuaji wa kuweka kipandikizi, ambao hata Muhimbili Mloganzila ilianza kuufanya mwaka 2023. Lakini kabla ya hayo yote, kuitengeneza sukari, kuacha tumbaku, kupunguza uzito na kutembea kila jioni pale Corniche jua linapopoa huwarejeshea wengi sehemu ya nguvu zao.

Basi ndugu, nenda katika kituo cha afya ulichoandikishwa, umwambie daktari maneno mawili tu: nguvu zimepungua. Omba upimwe sukari, mafuta na shinikizo la damu. Ikihitajika, atakuandikia barua ya kwenda kwa mabingwa wa Hamad. Siri yako ni amana kwake.

Nanyi mabibi, twawaomba jambo moja. Bwana akijitenga, msikimbilie kusema ana mwingine, wala mambo ya chumbani msiyapeleke kwa mashoga. Mwanamume mwenye tatizo hili mara nyingi hukwepa kitanda kwa kukwepa kushindwa. Neno la upole, na kumwambia twende sote tukapime, limeokoa nyumba ambazo zilikuwa zikielekea kwa kadhi. Na nyinyi mabwana, semeni na wake zenu mapema; mke aliyeelezwa husubiri, asiyeelezwa hudhani.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azidumishe mapenzi katika nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.