Kadi ya Njano na Milioni Moja ya Mwaka 1989

Juni 2025 serikali ya Uganda iliwasha mfumo wa kielektroniki wa faini za barabarani, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikawa haina habari nyingine. Ukizidisha mwendo kwa kilomita zisizozidi 30 kwa saa, faini ilikuwa shilingi 200,000. Ukivuka hapo, 600,000. Madereva wakapiga kelele, na mwezi haujaisha Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikausimamisha mfumo ili ukapitiwe upya. Kelele zile nilizielewa. Kilichoniudhi ni kwamba sikumsikia mtu akiuliza habari ya upande wa pili: gari likishamgonga mtu, mtu huyo analipwa ngapi?

Jibu limo katika sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989. Mtu mmoja, awe ameumia au amekufa, hapati zaidi ya shilingi milioni 1 kutoka kwenye bima ya lazima. Ajali nzima, hata iwe imeumiza abiria wa basi zima, mwisho wake milioni 10. Na hiyo ni kwa mwili tu. Duka lako likivunjwa ukuta, sheria hii haina habari nawe. Yaani mwendo kasi peke yake ulipangiwa faini inayozidi nusu ya fidia ya maiti.

Na gari likiwa la nje? Hapa Mengo, Kampala, hilo si swali la darasani. Kati ya Bakuli na Kisenyi, siku yoyote ya kazi, utakutana na namba za Kenya, za Rwanda, za Kongo: mabasi, malori, watu waliofuata vipuri soko la Kisekka. Trafiki akisimamisha Fuso ya Kenya haanzi na breki. "Komesa iko wapi?" Dereva anachomoa karatasi juu ya kioo: "Hii hapa, afande." Afande anatazama tarehe, anatazama kama Uganda imo, anairudisha. Tairi za nyuma zimekuwa kipara, lakini karatasi iko sawa. Safari njema.

Karatasi hiyo ni Kadi ya Njano ya COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mkataba wake ulitiwa saini Addis Ababa Desemba 1986, na kadi ikaanza kazi mwaka uliofuata. Mwenye gari anainunua kwa kampuni yake ya nyumbani, juu ya bima aliyonayo, badala ya kusimama kila mpaka kununua nyingine. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi ikabaki, na aliyebuni mpango unaowapendeza hata walioondoka anastahili sifa. Miaka ya karibuni kadi imehamia kwenye mfumo wa kidijitali, ambao unawabana waliokuwa wakiuza za kughushi. Hayo yote ni mazuri. Ila wanaofaidika nayo ni dereva na tajiri wake. Anayegongwa hajafikiriwa.

Hajafikiriwa kwa sababu kadi haina kiwango chake yenyewe. Inabeba kile kinachodaiwa na sheria ya nchi ambako ajali imetokea, basi. Chukua mji wa Busia, ambao mpaka umeukata katikati. Lori la Kenya likimgonga mchuuzi upande wa Kenya, bima ya lazima inaweza kulipa hadi shilingi milioni 3 za Kenya, na hizo kwa za Uganda ni zaidi ya milioni 75. Lori hilohilo, na dereva huyohuyo, likivuka geti na kumgonga dada yake mchuuzi upande wa pili, mwisho ni milioni 1 ya Uganda. Mwenye lori amelipia ada yake, kadi yake ni halali. Kilichobadilika ni udongo aliosimama juu yake yule aliyegongwa.

Sasa geuza. Gari la Mganda likimgonga mtu Nairobi, kadi ya Mganda inapaswa kufikia kiwango cha Kenya. Kwa hiyo kampuni zetu zinakubali kumlinda Mkenya kwa makumi ya mamilioni, huku mkazi wa Mengo akigongwa mlangoni kwake anaambiwa achukue milioni yake ashukuru.

Wanasheria watanikumbusha kwamba milioni 1 ni ya bima tu, na kwamba aliyeumia anaweza kumshtaki mwenye gari kwa kiasi kilichobaki. Kweli, ikiwa tajiri yuko Kawempe: utamfuata, utapeleka hati za mahakama, utakamata hata gari lake. Lakini tajiri akiwa Eldoret au Lubumbashi? Lori likishaachiwa na polisi limekwenda. Inabaki kesi ya nchi mbili, mawakili wawili, na mjane asiye na nauli ya kufika Busia. Ndiyo maana kiwango kidogo kinamuumiza zaidi aliyegongwa na gari la nje: kwake bima si mlango wa kwanza, ni mlango pekee.

Mwaka 1989 dola moja ilikuwa wastani wa shilingi 220 hivi, kwa hiyo milioni 1 ilizidi dola 4,000. Leo haifiki dola 300. Yeyote aliyewahi kumlipia ndugu upasuaji wa mfupa wa paja, iwe Hospitali ya Mengo au kwingineko, anajua fedha hizo zinaishia wapi.

Watu wa bima wanasema ada itapanda. Itapanda, ndiyo. Wengine wanasema mwenye boda hataimudu. Basi apangiwe yake, nani kasema boda na semitrela zilipe sawa? Kisha kuna wanaosema Waganda hata hiyo milioni hawaendi kuidai. Hapa uvumilivu unanishinda. Ripoti ya polisi, fomu ya daktari, barua ya LC (uongozi wa mtaa), safari za ofisini zisizo na hesabu, ili mwisho ulipwe pesa zilizokwisha kuliwa na hayo hayo? Mmeifanya fidia isiwe na thamani ya kufuatwa, kisha mnawalaumu watu kwa kutoifuata!

Ulaya ina kadi yake, ya Kijani, tangu 1953, lakini haikuishia kwenye kadi. Umoja wa Ulaya uliweka kima cha chini kwa wanachama wote, ambacho sasa ni euro milioni 6.45 kwa ajali au milioni 1.3 kwa kila aliyeumia. Siombi euro. Naomba kima kimoja cha chini kwa nchi zote za Kadi ya Njano, na Wizara ya Fedha ya Uganda iifute milioni ya 1989 bila kusubiri wengine.

Wewe unayekuja na gari kutoka Kenya au Tanzania, nunua kadi kabla ya kuondoka, uhakikishe haipitishi tarehe ya bima yako ya nyumbani, na kama una bima kubwa, uliza kwa maandishi kama inavuka mpaka. Na wewe wa Mengo, gari la nje likikugonga au likimgonga wako, chukua namba ya gari, namba ya kadi na jina la kampuni kabla polisi hawajaliachia. Usikubali kuachiwa namba ya simu ya dereva.