Biashara za Isiolo zijiandae kuhojiwa

Machi 2023, shirika la haki za watu wa asili la Survival International lilitoa ripoti ikidai kwamba wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa kaboni wa shirika la hifadhi la Northern Rangelands Trust (NRT). NRT ilikanusha. Lakini Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilizo chini ya NRT, Biliqo Bulesa ikiwamo, zilianzishwa kinyume cha sheria, na habari ikarudi magazetini. Kwa maoni yangu, taarifa kwa wanahabari haiwezi kuziba pengo la mashauriano. Kwa biashara yoyote ya Isiolo, maandalizi ya kuhojiwa huanza na kumbukumbu kamili za mikutano, na msemaji anayeweza kubanwa kwa maswali ya Kiborana redioni akajibu.

Wakili atasema kunyamaza ndiyo salama. Kesi ikiwa mahakamani, kweli usiijadili. Ila kueleza unavyowalinda watu hakuvunji sheria. Mwenye biashara ndogo atasema hayo ni ya wakubwa. Sikubali. Akina mama wanaopakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye basi la Nairobi wanaweza kuangushwa na uvumi wa WhatsApp kabla basi halijafika. Wao hasa ndio wanaopaswa kuamua leo nani atapokea simu ya mwanahabari, na daftari lipi litaonyesha maziwa ya siku ile yalitoka boma gani.