MBAO ZA KALE AU KIKI MPYA? MASTAA NA MASHAMBA YAO YA TABORA

Wadau, kuna mtindo umeingia na hauonyeshi dalili ya kutoka. Zamani staa akishika hela alinunua gari, akaliegesha mbele ya nyumba ya kupanga, akapiga picha. Siku hizi ananunua shamba. Na si shamba la kulima, ni shamba la kupigia picha: banda la wazi la magogo, meza ndefu ya mbao zilizokwaruzika, bembea ya kamba, geti la nguzo mbili nene na kibao kinaning'inia juu. Kapsheni nazo ni zile zile. "Nimerudi kwenye asili." "Mbao zote zimetumika, hatujakata mti hata mmoja."

Anayetrendi kwa sasa ni msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni. Shamba lake liko nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa Kwihara. Kaliita kambi ya msafara, kaposti picha kumi na mbili, mashabiki wakamwaga makopakopa. Eti mbao zina miaka mia, eti geti limetengenezwa na mataruma ya reli ya Mjerumani. Mastaa wenzake wawili watatu wameshaulizia fundi, nao wanataka.

Kujenga shamba si dhambi. Kutumia mbao zilizotumika ni jambo zuri sana. Tatizo ni kwamba nusu ya hadithi zinazosimuliwa kwenye hizo posti hazina ukweli, na anayelipia huo uongo si staa. Analipa msitu wa Tabora, analipa fundi wa Tabora, na siku nyingine atalipa mgeni aliyealikwa kula nyama choma pale shambani.

MBAO YA ZAMANI HAINA SIRI

Ukitaka kujua mbao kama kweli imetumika, ivute picha karibu. Mbao iliyotoka kwenye kenchi ya nyumba ya zamani ina matundu ya misumari, na kuzunguka kila tundu kuna doa jeusi, maana kutu ya msumari imeingia kwenye mti miaka na miaka. Haziwi saizi moja. Moja imepinda, nyingine imeliwa na mchwa pembeni, nyingine ina alama ya chokaa au rangi ya ukutani.

Sasa angalia ile meza ya msanii wetu. Mbao nane, upana mmoja, unene mmoja, tundu la msumari hata moja hakuna. Juu ni nyeusi, lakini pale mwisho zilipokatwa ni nyekundu kama zimetoka msumenoni jana. Hiyo ni mninga mpya, wadau. Imepigwa moto wa gesi, ikachapwa na mnyororo ili ipate makovu, ikapakwa siki iliyolowekwa steelwire ya kuoshea sufuria ili iwe na rangi ya kijivu. Mafundi wanaijua hiyo kazi na wanaifanya vizuri tu. Kosa si la fundi. Kosa ni la anayeiita mbao ya miaka mia.

Utauliza, kwani ina shida gani? Shida ni mti wenyewe. Mninga si mkaratusi wa kupanda leo ukavuna baada ya miaka michache. Mche wa mninga, kwa miaka kadhaa ya mwanzo, shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, wakati mizizi inajijenga chini. Mpaka ufike unene wa kutoa mbao, aliyeuona ukichipua ameshapata wajukuu. Na misitu ya miyombo ya Tabora tayari ina mzigo wa kutosha: kuna mkaa, kuna majiko ya kukaushia tumbaku, kuna mashamba mapya. Mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES ziliiingiza jamii yote ya mninga ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mti ukifika hapo ujue hali si nzuri.

Kuvuna mninga kihalali kunawezekana. Kuna leseni, kuna Wakala wa Huduma za Misitu, kuna hati ya kusafirishia. Staa anayetaka meza ya mninga mpya akate leseni, alipie, aseme wazi "hii ni mninga mpya na risiti hii hapa". Nani atamsema? Lakini neno "zilizotumika" lisigeuzwe sabuni ya kusafishia mbao mpya.

MATARUMA YA MJERUMANI, KWELI?

Tuje kwenye lile geti. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Hapo msanii kapatia. Alipochemka ni hapa: Wajerumani walitandika reli hiyo kwa mataruma ya chuma kwa sehemu kubwa, na sababu mojawapo ilikuwa mchwa. Sasa hayo mataruma ya mbao ya Mjerumani yametoka wapi? Na kama kweli yametoka relini, basi ni swali la polisi hilo, maana taruma ni mali ya reli. Haliokotwi kama embe.

Lakini acha uongo, tuzungumzie afya. Mataruma ya mbao, popote duniani, kwa kawaida hupikwa kwenye creosote, ile dawa nyeusi inayonuka kama lami, ili yasioze. Dawa hiyo inahusishwa na saratani, na huko Ulaya kuna masharti makali kuhusu kuyatumia mataruma ya zamani kwenye bustani na viwanja vya watoto. Nguzo za umeme nazo zipo zilizotiwa dawa hiyo, na zipo zilizotiwa dawa ya kijani yenye shaba, kromu na aseniki. Ndiyo, aseniki, sumu ile ile unayoisikia kwenye filamu.

Nguzo ya namna hiyo ikisimama barabarani na waya juu haina neno. Ikikatwa vipande ikawa kiti cha mtoto, meza ya kulia au kitanda cha mboga, hapo ni hadithi nyingine. Na ikichomwa ndiyo balaa, kwa sababu aseniki inabaki kwenye majivu na nyingine inatoka na moshi. Kuna video ya mwigizaji mmoja wa kike, shamba lake halina hata mwaka, anachochea moto wa nyama choma kwa vipande vya nguzo vilivyobaki fundi alipomaliza kazi. Watu wanacheka, muziki unapigwa, mishkaki inageuzwa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Dada, hizo kuni usizitumie." Wafuasi malaki, na kati yao wangapi wameiga?

MZINGA SI TAA

Kuna na hili la mizinga. Tabora ni mkoa wa asali, mji una mpaka chuo cha ufugaji nyuki. Wafugaji wa huko wametumia mizinga ya magogo na ya magome vizazi na vizazi. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kulivua gome la mti mzima likatoka kama bomba. Mti uliovuliwa hivyo hufa. Ndiyo maana wafugaji wamekuwa wakihimizwa wahamie kwenye mizinga ya masanduku.

Sasa mastaa wetu wameona mzinga wa gome unapendeza ukitiwa balbu ndani. Mmoja ananing'iniza sita juu ya meza, mwenzake akiona anaagiza kumi. Wangenunua ile mikuukuu iliyoachwa na nyuki, ingekuwa sawa, hapo ndo kutumia tena. Lakini mikuukuu imepasuka na ina masizi, haivutii kwenye picha. Wanaagiza mipya. Miti kumi inakufa ili taa kumi ziwake, halafu kapsheni inasema "tunatunza mazingira".

MINYORORO KAMA PAMBO

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililopita bila kelele. Kwenye kile kinachoitwa kambi ya msafara, nguzo za banda zimezungushiwa minyororo ya chuma yenye kutu. Kapsheni: "vaibu la njia ya misafara".

Wadau, njia ya misafara haikuwa pikiniki. Ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilipita hapo kwenye mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliosifika kwa kazi hiyo. Na watu walipita hapo wamefungwa minyororo shingoni, wakaenda kuuzwa. Kwihara hapo hapo, kilometa chache tu kutoka mjini, kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho, na sasa ni makumbusho. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo ya urithi wa dunia, kwa jina la biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Siyo kwa jina la vaibu.

Kwa hiyo mtu ana kiwanja kwenye ardhi ile ile, ananunua mnyororo, anauning'iniza ili wageni wapigie selfi. Mwenye kumshauri hakuwepo? Mpiga picha? Meneja? Au wote waliona, wakahesabu makopakopa kwanza?

Na kuna wanaoitamani milango ya nakshi ya nyumba za zamani waigeuze meza za kahawa. Hao wajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Mlango wa namna hiyo si mzigo wa mbao chakavu. Hata ile miembe mikongwe inayohesabiwa kuwa sehemu ya historia ya njia, kuikata ukaibandika jina la "mbao ya kale" ni kuifuta hiyo historia unayojidai kuipenda. Halafu mwembe wenyewe wadudu wanaupenda kuliko mashabiki wanavyompenda staa.

WANAOSEMA NI WIVU

Watakuja mashabiki hapa kusema ni wivu, ni roho ya kwa nini, mwacheni mtoto wa watu afurahie hela yake. Haya. Mbona basi kuna mtangazaji mmoja wa redio amejenga banda lake huko huko magharibi na hakuna anayemsema vibaya?

Yeye alinunua kenchi na milango ya kawaida ya nyumba iliyobomolewa, akakubaliana bei na mwenye nyumba. Uzio akaujenga kwa mabanzi ya kiwanda cha kupasulia mbao, yale maganda ya gogo ambayo wengi wanayaona takataka. Nguzo zake ni mirunda iliyoshikilia zege kwenye jengo jingine. Viti vimepishana urefu, meza ina tundu moja kubwa linalopitisha kidole. Kwenye kila picha kaandika kitu kimetoka wapi, na kamtaja fundi na namba yake ya kazi. Fundi sasa ana oda.

Na fundi ndiye mwenye haki ya kulalamika kuliko wote. Kazi ya mbao iliyotumika ni ngumu kuliko ya mbao mpya. Unang'oa misumari mmoja mmoja, ukikosa mmoja randa inapoteza makali na msumeno unakatika meno. Unachagua, unakata palipooza, unaunga. Mbao inaweza kuwa bei chee, mikono haiwezi. Lakini mastaa wengi wanamlipa fundi nusu, nusu nyingine wanamwahidi promo. Halafu kwenye posti anatajwa muuza viatu, anatajwa mpaka mtengeneza kucha, fundi hayumo. Promo hailipi ada ya mtoto.

Kuna jambo jingine linauma. Bibi wa Tabora anayeziba jiko lake kwa mabanzi, akafanya kinu kilichopasuka kuwa kigoda na mlango wa zamani kuwa kichanja cha vyombo, huyo mjini anaitwa maskini. Wajukuu wanaona aibu kumpiga picha wakaiposti. Staa akifanya kitu kile kile kwa mamilioni, na cha kughushi, anaitwa mbunifu. Bibi alikuwa anatumia tena vitu kabla Instagram haijazaliwa, na hakuhitaji kuichapa mbao minyororo ili ionekane imeishi.

Basi msanii wetu, kama unasoma, na tunajua unasoma, kazi ni ndogo. Toa ile minyororo leo. Sema geti lile ni la mbao gani na limetoka kwa nani. Mlipe fundi kilichobaki na umtaje jina. Hizo nguzo zenye dawa zitoe mezani na jikoni, na mabaki yake yasichomwe. Ukimaliza, piga picha upya na makovu halisi, mashabiki watakupenda tu.

Na ninyi wadau, staa wenu akiposti banda la "mbao za kale", kabla ya kubonyeza kopa muulizeni swali moja tu: matundu ya misumari yako wapi?