Mnamcheka "Tingatinga", lakini nani alimnyima usingizi?

Kuna video imezunguka kwa simu za watu hapa Kitale wiki hii. Mtoto wa gredi ya nne, mnene, anakula andazi la tatu na wenzake wanaimba "Tingatinga! Tingatinga!" Anayerekodi ni mtu mzima. Unamsikia akicheka kabisa.

Halafu chini yake watu wanatoa hukumu. Ati mtoto hana nidhamu. Ati mamake amemharibu. Ati afungiwe chakula.

Wasee, njaa si tabia. Tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa grelini, inaambia ubongo "leta chakula". Mafuta ya mwili nayo yanatoa leptini, inayosema "akiba ipo, tulia". Leptini iligunduliwa 1994 na timu ya Jeffrey Friedman kule New York. Grelini ilijulikana 1999, Japani. Ni sayansi ya juzi, lakini si ya leo asubuhi, kwa hivyo kisingizio hamna.

Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza kuhusu watoto wawili, binamu, ambao miili yao karibu haikuwa na leptini. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Walikuwa wanasikia njaa saa zote. Alipoanza kudungwa leptini, kwa mwaka mmoja alipunguza zaidi ya kilo 16. Sasa niambieni, hiyo nidhamu ilitoka wapi? Kwa sindano?

Sawa, hali hiyo ni nadra sana. Watoto wengi wanene wana leptini tele, shida ni ubongo umeacha kuisikia. Ni kama kuishi kando ya posho mill: mwezi ukiisha, kelele huisikii tena. Ndiyo maana hao hawasaidiki na sindano.

Lakini kuna kitu kinachovuruga hizi homoni na sisi ndio tunakifanya, tena tunakilipia karo. Usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini ikashuka asilimia 18, grelini ikapanda asilimia 28, na hamu ya vitu vitamu na vya wanga ikapanda nayo. Walikuwa wachache, na hawakuwa watoto. Lakini tafiti za watoto zimeonyesha mara nyingi kwamba wanaolala kidogo ndio huelekea kunenepa.

Sasa simama barabarani hapa saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya Kitale mnaijua. Utaona mavani ya shule yamejaa watoto wamelala wakiegemea dirisha. Huyo ameamshwa saa kumi na nusu. Jana amemaliza homework saa tatu na nusu usiku. Piga hesabu: saa saba. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zilisema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Saa mbili! Hizo saa tatu katikati ni za nani?

Akifika anashikwa na njaa ambayo hata hajui imetoka wapi, ana shilingi ishirini, na mandazi yako hapo kwa geti. Mngetaka anunue nini, sukuma?

Najua mtaniambia ndugu yake anaamka saa hiyo hiyo na ni mwembamba kama fito. Kweli, kuna damu ya ukoo, kuna chakula, kuna kucheza. Na najua njaa ya kawaida ndiyo kubwa: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na walio na uzito kupita kiasi ni asilimia 3 tu. Lakini huyu wa video yuko, na anachekwa leo.

Mkutano wa wazazi kwa shule ya mdogo wangu ni Ijumaa. Mama yuko shambani Kwanza, kwa hivyo naenda mimi. Nina swali moja tu, la vani. Na wewe uliyerekodi, futa.